Mjerumani akisema 'si lazima', usidhani amekukataza

UKITEMBEA katikati ya jiji la Nairobi siku hizi, hebu inua macho kidogo juu ya maduka ya simu na vibanda vya vinyozi. Utaona mabango yenye rangi nyeusi, nyekundu na ya dhahabu yakikualika ujifunze Kijerumani. Mengine yanaahidi kwamba baada ya miezi michache utakuwa unazungumza kama mzaliwa wa Berlin. Hilo la mzaliwa wa Berlin tuliache kando. Ninalotaka kukusimulia ni jambo ambalo bango halina nafasi ya kulitaja. Katika lugha hiyo maneno hukaririka, salamu huzoeleka, na hata zile jinsia tatu za nomino mtu huzivumilia kama avumiliavyo majirani wenye kelele. Kizingiti chenyewe ni kitenzi.

Sababu ya watu kumiminika madarasani inajulikana. Tarehe 13 Septemba 2024 Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba kuhusu wafanyakazi na uhamiaji. Wino haujakauka, uvumi ukaenea kwamba Ujerumani imewatengea Wakenya nafasi za kazi 250,000. Serikali ya Ujerumani yenyewe ilikanusha ikisema kwamba mkataba hautaji idadi yoyote. Lakini nani asikilizaye kanusho ilhali ana shahada kabatini na kodi ya nyumba mlangoni? Isitoshe, hata kabla ya mkataba huo wapo vijana wetu waliokuwa wakienda: wengine kukaa na familia na kuwatunzia watoto, wengine kusomea ufundi wakiwa kazini, wengine vyuoni, wengine hospitalini. Kila mmoja ana ngazi yake ya lugha ya kupanda. Anayekwenda kutunza watoto huanzia A1, ambayo ndiyo ya chini kabisa. Muuguzi anayetaka leseni kamili aghalabu hudaiwa B2, na hapo ndipo mchezo huisha.

Mdogo wangu ni muuguzi. Alihitimu, akasajiliwa, kisha akaingia katika maisha ambayo wauguzi wengi wa hapa kwetu wanayajua: mkataba wa miezi sita, kukaa nyumbani miezi minne, mkataba mwingine wa mwaka, kukaa tena. Ana mtoto wa kiume, aliyekuwa na umri wa miaka minne tulipoanza. Siku alipoamua kusoma Kijerumani alinijia na ombi moja.

"Dada, nikisoma peke yangu nitazungumza na nani huku nyumbani? Na ukuta?"

Hivyo ndivyo mimi, ambaye kazi yangu ni kuandika makala, nilivyojikuta jioni nne kwa wiki katika ghorofa ya tatu ya jengo moja lisilokuwa na lifti, nikiwa na daftari jipya na kalamu mbili. Mwalimu wetu alikuwa Mkenya aliyepata kuishi Ujerumani miaka kadhaa. Darasani tulikuwa watu kumi na wanane. Wauguzi walikuwa saba.

Vitabu vitakwambia kwamba Kijerumani kina njeo sita. Usishtuke. Ukianza na wakati uliopo, utaona kwamba Kijerumani kina huruma kuliko ulivyotarajia. Ukisema 'ich lerne' umesema ninasoma, umesema nasoma, na umesema pia mimi husoma. Hakuna umbo la pekee shuleni la kuonyesha kwamba jambo linaendelea sasa hivi, na wenzetu waliokulia kwenye Kiingereza walilitafuta umbo hilo wiki nzima kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Zaidi ya hayo, wakati uliopo huweza kuchukua kazi ya wakati ujao bila taabu. 'Ich fahre morgen nach Mombasa', kesho naenda Mombasa. Si ndivyo tusemavyo sisi? Mtu akiwa tayari ameshakata tikiti hasemi "nitaenda", husema "naenda". Mwalimu alipotuona tunatabasamu alisema tuyafurahie hayo mapema.

Wiki ya tano zikaja habari za jana.

Katika mazungumzo Wajerumani husimulia yaliyopita kwa njeo waiitayo Perfekt. Huundwa kwa vitu viwili: kitenzi kisaidizi, ambacho ni 'haben' au 'sein', yaani kuwa na, au kuwa; pamoja na kitenzi chenyewe kilichovishwa nguo nyingine, mara nyingi 'ge' mbele na 't' au 'en' nyuma. 'Ich habe gegessen' ni nimekula, na pia ni nilikula. Hapa, msomaji, Kiswahili kinajua zaidi. Mgeni akiingia kwako saa saba mchana ukamkaribisha chakula, akijibu "nimekula" umemwelewa. Akijibu "nilikula" utamtazama ukingoja amalizie, nilikula lini? Mjerumani hutegemea muktadha, au huongeza kijineno 'schon' ili kupata nimeshakula.

Kazi iko katika kuchagua baina ya 'haben' na 'sein'. Vitenzi vilivyo vingi huchukua 'haben'. Lakini kitenzi kikiwa cha mwendo wa kutoka hapa kwenda pale, au cha kutoka hali moja kuingia nyingine, huchukua 'sein': kwenda, kuja, kuruka, kuamka, kufa. Kukaa mahali nako, 'bleiben', kumetiwa kundi hilo ingawa hakuna kwendako. Hilo tuliambiwa tulimeze bila maji.

Mfano ulionikaa ni ule mwalimu alioutoa kwa ajili ya wauguzi. Usingizi, alisema, una vitenzi viwili. Kupitiwa na usingizi ni 'einschlafen', na kwa kuwa ni kuingia hali mpya huchukua 'sein'. Kulala usingizi wenyewe ni 'schlafen', nacho huchukua 'haben'. Muuguzi wa zamu ya usiku akikabidhi wodi asubuhi husema: 'Die Patientin ist um zehn eingeschlafen und hat gut geschlafen.' Mgonjwa alipitiwa na usingizi saa nne, akalala vizuri. Sentensi moja, visaidizi viwili, na kila kimoja kina sababu. Mdogo wangu aliiandika kwenye karatasi akaibandika juu ya sinki la jikoni, na kwa miezi mitatu tuliosha vyombo huku mgonjwa huyo akilala vizuri mbele yetu.

Sasa njoo kwenye jambo linalowatoa watu jasho kuliko yote. Kisaidizi hukaa nafasi ya pili katika sentensi, halafu kitenzi chenyewe hutupwa mwisho kabisa. Katikati hutiwa kila kitu kingine: saa, mahali, mtu, vyombo, hali ya hewa ukitaka. Msikilizaji hana la kufanya ila kungoja. Chukua sentensi hii: 'Ich habe heute Morgen die Tabletten für Zimmer vier...' Mimi, leo asubuhi, vidonge vya chumba namba nne... nimevifanya nini? Ikiishia 'gebracht', nimevileta. Ikiishia 'gezählt', nimevihesabu. Ikiishia 'vergessen', nimevisahau, na hapo pana mgonjwa ambaye hajapata dawa yake. Mpaka neno la mwisho litamkwe hujui kama unapaswa kushukuru au kukimbia.

Mwandishi Mmarekani Mark Twain alilalamika kuhusu jambo hili katika insha aliyoitoa mwaka 1880, ndani ya kitabu cha safari zake za Ulaya, na Wajerumani wenyewe wameisoma na kuicheka tangu hapo. Sisi tuna haki ya kulalamika kuliko yeye. Tazama neno letu "nimevisahau". Limebeba mtendaji, wakati, kitendwa na tendo, yote katika pumzi moja, tena mtendaji na wakati ndio wanaotangulia. Mtu aliyelelewa na lugha ya namna hiyo humwona Mjerumani kama mtu anayefungua mlango, akakusimamisha kizingitini, akaenda kutafuta viatu.

Ipo pia njeo nyingine ya yaliyopita, Präteritum, ambayo utaikuta zaidi katika magazeti, riwaya na hadithi za watoto. 'Er ging', alikwenda. Hata hivyo, 'sein' na 'haben' hutumiwa sana katika umbo hilo hata mdomoni: 'ich war', nilikuwa, 'ich hatte', nilikuwa na. Wajerumani wa kusini hasa hupendelea Perfekt wanapoongea. Zilizosalia tutaziona mbele ya safari.

Kabla sijaendelea, nataka umkumbuke mtu mmoja aliyepitia njia hii kwa upande wa pili. Mwaka 1844 Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka huo huo alimzika hapo mkewe. Miaka sita baadaye, mwaka 1850, kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilichapishwa Tübingen. Hakukuwa na shule ya jioni wala cheti cha A1. Mtu aliyezoea kuweka kitenzi mwisho alilazimika kuketi na Waswahili akapambanua 'li' na 'me' na 'ka' na 'nge', moja baada ya nyingine. Kila nilipochoka nilimfikiria huyo. Na si kwamba lugha hizi mbili hazikujuana baadaye. Wajerumani walishika Witu, karibu na Lamu, kuanzia mwaka 1885 hadi 1890, na Tanganyika kwa muda mrefu zaidi, na hadi leo ukimpeleka mtoto shule au ukihesabu hela umetumia maneno yaliyotoka kwao.

Na kama umewahi kutembea ufuoni Diani au Bamburi, umewasikia vijana wanaouza vinyago wakizungumza Kijerumani walichokiokota kwa watalii. Vitenzi vyao havinyambuliki hata kidogo: wewe kuja, mimi kuonyesha, bei kuwa nzuri. Kinyago hununuliwa. Ningekuwa muuza vinyago nisingesumbuka na 'haben' wala 'sein'. Lakini mtalii akikosea kuelewa hupoteza pesa kidogo tu, na wodini mambo ni mengine.

Ndipo tukafika kwenye vile vitenzi sita vidogo ambavyo, kwa maoni yangu, ndivyo Kijerumani chenyewe. 'Können', kuweza. 'Müssen', kulazimika. 'Dürfen', kuruhusiwa. 'Sollen', kutakiwa. 'Wollen', kutaka. 'Mögen', kupenda. Hivi husimama nafasi ya pili na kusukuma kitenzi kingine mwisho, kikiwa kizima bila kunyambuliwa. Katika umoja vingi hubadili irabu yake: 'ich kann', 'ich muss', 'ich darf', 'ich will', 'ich mag', 'sollen' pekee ndiyo haijali. Nafsi ya kwanza na ya tatu hufanana na havina mkia wowote: 'ich kann', 'er kann'. Hayo ni ya kukariri tu, na jioni mbili zinatosha.

Kisichotosha kukaririwa ni maana.

Mwalimu aliandika ubaoni sentensi mbili. 'Der Patient muss nicht trinken.' 'Der Patient darf nicht trinken.' Akauliza: ni ipi inayosema mgonjwa ni marufuku kunywa? Darasa karibu lote likajibu ya kwanza. Si kwa ujinga. Sote tumesoma kwa Kiingereza tangu shule ya msingi, na neno la Kiingereza linalofanana na 'muss', likitiwa ukanusho, hukataza. La Kijerumani likitiwa ukanusho huondoa tu lazima. Sentensi ya kwanza yasema si lazima mgonjwa anywe, akitaka na anywe. Ya pili ndiyo inayokataza. Mgonjwa anayengoja upasuaji akipewa kikombe cha chai kwa sababu muuguzi alichanganya maneno hayo mawili, daktari wa usingizi hatauliza alipata alama ngapi katika mtihani.

Mwanamke mmoja aliyekuwa ameketi nyuma, muuguzi mzee kuliko wengine, alinyoosha mkono akasema kwa sauti ya upole, "Mwalimu, kumbe ni 'si lazima' yetu tu." Naam! Kiswahili kilikuwa na jibu muda wote. 'Muss nicht' ni si lazima. 'Darf nicht' ni haruhusiwi. Tukipita kwa Kiswahili hatuna pa kujikwaa. Tangu jioni hiyo nilianza kuandika maana za daftari langu kwa Kiswahili, na ninakushauri wewe unayesoma ufanye hivyo hivyo, hata kama kitabu chako kimetafsiriwa kwa Kiingereza.

Chukua 'ich will'. Herufi zake nne ni zile zile zinazoonyesha wakati ujao katika Kiingereza, na kwa hiyo wanafunzi huandika 'ich will gehen' wakidhani wamesema nitaenda. Wamesema nataka kwenda, na kwa ukali kidogo. Dukani ukisema 'ich will Brot' utapewa mkate, lakini utatazamwa kama mtoto aliyepiga meza. Husemwa 'ich möchte'. Na 'möchte' ni nini? Ni ningependa. Ni 'nge' yetu kabisa, hali ya masharti inayotumiwa kwa adabu. 'Könnten Sie mir helfen?' ni ungeweza kunisaidia? Mswahili haambiwi kwamba 'nge' hulainisha maneno, amezaliwa akiisikia.

Kwa upande mwingine, "kuweza" kwetu kumezoea kubeba mzigo wa wawili. Mtoto husema "naweza kwenda nje?" naye ana miguu miwili mizima, anachoomba ni ruhusa. Mjerumani hutenganisha. Uwezo ni 'kann', ruhusa ni 'darf'. Mpwa wangu, aliyekuwa akichora chini ya meza tulipokuwa tukisoma, alilinasa neno hilo upesi kuliko sisi. Ikawa ni 'darf ich?' ya biskuti, 'darf ich?' ya televisheni, 'darf ich?' ya kucheza na maji bafuni. Mama yetu naye, ambaye hana haja na Ujerumani, akajifunza kumjibu 'nein'.

Kuna 'sollen' pia, ambayo mimi kama mwandishi nimeipenda kuliko zote. Husema kwamba lazima hiyo imetoka kinywani mwa mtu mwingine. Daktari ameagiza umeze vidonge mara tatu kwa siku: 'Sie sollen dreimal am Tag die Tabletten nehmen.' Lakini ina kazi ya pili. 'Er soll krank gewesen sein' maana yake ni kwamba inasemekana alikuwa mgonjwa. Neno moja tu, na mwandishi amejitoa katika kesi! Sisi huku gazetini hutumia "inadaiwa" na "inasemekana" kila aya ili mawakili wasitubishie hodi. Na 'wollen' nayo hufanya mzaha wake: 'Er will nichts gesehen haben', anadai hakuona chochote, na katika kusema hivyo msemaji ameshaonyesha kwamba haamini.

Sasa nikueleze kilichotokea nyumbani, kwa sababu vitenzi hivi havikubaki daftarini.

Jumapili moja baada ya kanisa mdogo wangu alikuwa akifanya mazoezi kwa sauti. 'Ich muss nach Deutschland gehen.' Mama aliuliza maana yake. Akaambiwa: ni lazima niende Ujerumani.

"Lazima?" Mama akauliza. "Nani amekulazimisha?"

Mdogo wangu akacheka, akasema ni mfano tu wa kitabuni. Mama hakucheka. Aliendelea kuchambua mchicha wake.

"Mimi nauliza tu. Kuna mtu amekwambia uende, au unataka mwenyewe? Maana mtoto huyu nitamlea mimi, na mimi nataka nijue nitamwambia nini akiniuliza."

Kukawa kimya. Halafu, kama mtu anayejibu swali la mtihani, mdogo wangu alivipitia vitenzi kimoja kimoja, kwa Kiswahili. Si kwamba natakiwa, Mama, hakuna aliyeniagiza. Si kwamba napenda, ningependa kukaa hapa na kijana wangu. Kuweza, naweza. Nataka? Akasita hapo kwa muda mrefu. "Nataka kazi isiyokwisha kila baada ya miezi sita," akasema. "Kama ingekuwa hapa, ningeitaka hapa."

"Basi sema hivyo," akasema Mama. "Usiseme lazima."

Nami nikiwa nimeshika kikombe cha chai kilichopoa niliona kwamba swali la Mama lilikuwa kali kuliko lolote tulilopata kuulizwa darasani. Waama, 'müssen' haisemi nani anayelazimisha. Yaweza kuwa sheria, yaweza kuwa njaa, yaweza kuwa saa ya basi. Mtu anayesema 'ich muss' hadaiwi maelezo. Mama alikuwa akiyadai.

Mtihani wa B1 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu ina alama 100 na huhitajika 60 katika kila moja. Uzuri wake ni kwamba ukianguka sehemu moja waweza kuirudia hiyo peke yake. Mdogo wangu alipita tatu, kusikiliza kukamkatalia. Nadhani unajua kwa nini: katika kusikiliza hakuna wa kukungojea mpaka ulitafute neno la mwisho la sentensi. Alirudia baada ya wiki kadhaa. Katika muda huo alisikiliza Kijerumani kwenye matatu, jikoni, akifua, na mbinu yake ilikuwa moja, kuacha kutafsiri katikati na kulishika lile neno la mwisho likipita. Alipata 74. Ile B2 ilichukua karibu mwaka mwingine, na mimi sikuifuata. Nilikomea A2 na ninajivunia.

Kama unakusudia kuanza, nina mawili ya kukuambia kuhusu pesa na muda. Usiamini shule inayoahidi B2 kwa miezi minne. Zipo, moja ilimchukulia jirani yetu karo ya miezi minne kisha ikafunga milango. Na kabla ya kulipa, omba uketi darasani jioni moja bila malipo, usikilize kama wanafunzi wanazungumza au wanamnakili mwalimu tu. Darasa ambalo mwalimu ndiye anayesema peke yake litakupa daftari zuri na ulimi mzito.

Kuhusu vitenzi vyenyewe, usijifunze kitenzi kimoja kimoja kama shanga. Kila unapoandika kitenzi kipya, kiandike pamoja na kisaidizi chake na umbo lake la Perfekt: 'kommen, ist gekommen', 'trinken, hat getrunken'. Vile vinavyoanza na 'be' au 'ver' havichukui 'ge': 'besucht', 'verstanden'. Vinavyogawanyika huitia 'ge' katikati: 'aufgestanden'. Vitenzi vile sita, ukisimulia ya jana, vitumie katika Präteritum, navyo huvua vidoti vyake: 'ich konnte', 'ich musste', 'ich durfte'. Ipo njia nyingine ya kuvisema katika Perfekt, inayopanga vitenzi viwili vizima mwishoni. Ukiisikia utaielewa. Si lazima uitumie.

Nilisema kuna njeo nitakazozirudia. Wakati ujao huundwa kwa 'werden' na kitenzi mwisho, na nilikwisha kukuambia kwamba mara nyingi Wajerumani hawana haja nao kwa mambo ya kesho. Hutumika sana kwa kukisia. 'Er wird zu Hause sein', atakuwa nyumbani. Nasi tunasema vivyo hivyo, ukimkosa mtu kazini husemi "nadhani yuko nyumbani", wasema "atakuwa nyumbani". Na njeo ya sita, ambayo vitabu huitaja kwa woga na wanafunzi huiruka, ni ya kukisia jambo lililokwisha kutendeka: 'Sie wird angekommen sein.' Darasani tulidhani haitumiki na mtu.

Wiki moja kabla ya safari, mpwa wangu alimkuta mamake akipanga sanduku. Alisimama mlangoni akauliza, 'Darf ich mit?' Kijerumani huruhusu kitenzi cha mwendo kiachwe ikiwa kinaeleweka, kwa hiyo hakukosea chochote. Naweza kufuatana nawe, ndilo alilouliza. Mdogo wangu alimjibu 'noch nicht', yaani bado, na akaendelea kukunja nguo ile ile aliyokwisha kuikunja.

Ndege iliondoka usiku. Asubuhi Mama alikuwa ameketi jikoni mbele ya saa ya ukutani, mtoto bado amelala. Chai alikuwa ameiandaa, hajainywa.

"Atakuwa amefika," akasema.

Saa mbili na robo simu yangu ikalia. Ujumbe ulikuwa wa maneno mawili: 'Gut angekommen.' Nimefika salama. 'Bin' ameiacha njiani, na ndivyo Wajerumani wenyewe wanavyoandika wakiwa na haraka.